Mkono wa pili una kazi gani? Jibu liko Naha

Je, msomaji, umewahi kusimama mlangoni pa ukumbi wa jamii Jumamosi asubuhi ukamtazama mwanao akifunzwa karate? Ikiwa umewahi, basi umeuona mkono ninaotaka tuuzungumzie leo. Watoto wamepangwa safu kwa safu katika mavazi meupe. Mwalimu anahesabu kwa Kijapani, na kwa kila hesabu ngumi moja inakwenda mbele na nyingine inarudi nyuma kwa kasi hadi kiunoni, juu kidogo ya mshipi.

Macho ya kila mzazi huifuata ngumi inayokwenda. Hiyo inayorudi haina wa kuijali isipokuwa mwalimu, ambaye hupita nyuma ya watoto akiisukuma kwa kidole ikiwa imelegea.

Nami nilikuwa mtoto wa safu kama hizo, katika mtaa mmoja wa Eastlands, Nairobi, nyakati ambapo picha ya Bruce Lee ilikuwa imebandikwa katika kila kinyozi. (Bruce Lee, kwa kweli, hakuwa mtu wa karate. Lakini kwetu sisi kila aliyerusha teke alikuwa mtu wa karate, na mjadala ukaishia hapo.) Siku moja nilimwuliza mwalimu mkono huu unarudi kiunoni kufanya nini. Akanijibu kwamba unaipa nguvu ngumi ya mbele. Niliamini. Miezi michache baadaye nilijipima nguvu na kijana jirani aliyekuwa akifunzwa ndondi. Nilirusha ngumi yangu safi kabisa, mkono wa pili ukarudi kiunoni kama nilivyoelekezwa, na uso wangu ukabaki wazi kama nyumba isiyo na mlango. Jino langu la mbele lina ufa hadi leo.

Basi swali langu la utotoni halikuwa la upuuzi. Na mahali pa kulitafutia jibu ni kule karate ilikozaliwa: mji wa Naha, katika kisiwa cha Okinawa, kusini kabisa mwa Japani.

Usidhani Okinawa iko jirani na Tokyo. Kutoka Tokyo utapanda ndege tena kwa takriban saa mbili na nusu, zaidi ya kilomita 1,500 juu ya bahari, na ukishuka utakuwa karibu zaidi na Taiwan kuliko mji mkuu wa nchi uliyomo. Hewa ni nzito na yenye unyevu. Nje ya mji kuna mashamba ya miwa, na kuta za kale zimejengwa kwa mawe yatokanayo na matumbawe ya bahari. Mtu wa Mombasa aliyezoea kuziona kuta za Fort Jesus atayatambua mawe hayo kabla hajaambiwa.

Hapa palikuwa na ufalme wake wenyewe, ufalme wa Ryukyu, uliofanya biashara na China, Japani na nchi za Kusini-Mashariki mwa Asia hadi Japani ilipoufutilia mbali mwaka wa 1879. Lieleweke hilo kwanza, kwa sababu karate ni mali ya ufalme huo mdogo. Wajapani wa bara waliipokea baadaye sana, kama tulivyoipokea sisi.

Ukitoka kwenye uwanja wa ndege, panda treni ndogo ipitayo juu ya barabara kwa reli moja. Wenyeji huiita Yui Rail, na imekuwa ikihudumu tangu 2003. Shuka kituo cha Onoyama. Katika bustani iliyo hapo, karibu na uwanja wa mchezo wa besiboli, kuna jiwe la ukumbusho wa Funakoshi Gichin, mwalimu wa shule mzaliwa wa Shuri, aliyeishi kati ya 1868 na 1957. Ndiye aliyekwenda Tokyo mwaka wa 1922 kuionyesha karate, akabaki huko kuifundisha. Mitindo mingi inayofundishwa katika kumbi zetu ina mkono wake ndani yake.

Sasa sikiliza jambo la ajabu. Funakoshi huyu hakuficha kazi ya mkono wa kuvuta, ambao kwa Kijapani huitwa hikite. Katika kitabu chake kikuu, kilichotoka 1935, alieleza wazi kwamba maana yake ni kuukamata mkono wa adui unaokuja, kuupinda, na kuuvuta kwako hadi mwili wake uyumbe na kukuegemea. Yaani mkono ule haurudi kiunoni mtupu. Unarudi na kitu. Umeshika mtu!

Ukitaka kuona tofauti, usingoje safari. Mwombe ndugu yako asimame mbele yako na kunyosha mkono. Mguse kifuani kwa kiganja, polepole. Atarudi hatua moja, na mambo yamekwisha. Sasa mshike kifundo cha mkono, mvute kuelekea kiunoni pako, na wakati huo huo umguse kifuani vile vile. (Polepole, tafadhali, nisije nikalaumiwa.) Utahisi kwamba safari hii kiganja chako hakikumfuata. Yeye ndiye aliyekijia. Magari mawili yanayogongana uso kwa uso huumizana kuliko gari moja linapoligonga jingine lililoegeshwa, na hiyo ndiyo hesabu ya mkono wa kuvuta. Isitoshe, mtu aliyevutwa akayumba hawezi kurudi nyuma wala kukupiga vizuri, kwa kuwa miguu yake ina shughuli nyingine ya kumzuia asianguke. Na wewe, hata ukifumba macho, unajua yuko wapi, maana umemshika.

Na ile hoja ya mwalimu wangu, kwamba mkono mtupu ukirudi nyuma huipa nguvu ngumi ya mbele? Hoja hiyo ilienea sana katika vitabu vya karate vya miaka ya 1960, vilivyopenda kutaja kanuni za fizikia, kwamba kila msukumo una msukumo wa kuujibu. Sitasema ni uongo mtupu. Anayeanza, akivuta mkono mmoja huku akirusha mwingine, hujifunza kuzungusha mabega na kiuno, na huko ndiko nguvu zinakotoka. Lakini kinachoijibu ngumi ni ardhi iliyo chini ya nyayo zako. Mkumbuke marehemu Robert Wangila, Mkenya aliyenyakua dhahabu ya ndondi katika Olimpiki ya Seoul mwaka wa 1988 kwa kumwangusha Mfaransa katika fainali. Mabondia wa namna yake hawapeleki mkono wa pili kiunoni. Huuweka karibu na kidevu, na ngumi zao bado hulaza watu chini.

Tuendelee na safari. Kutoka Onoyama rudi kwenye treni hadi Makishi, kisha utembee kwa miguu hadi mtaa wa Tsuboya. Huu ni mtaa wa wafinyanzi. Serikali ya ufalme iliwakusanya hapa mwaka wa 1682, na hadi sasa maduka yamejaa mabakuli, magudulia ya pombe na sanamu za simba wa kulinda nyumba. Utaniuliza vyungu vinahusiana vipi na ngumi. Vinahusiana sana. Mojawapo ya vifaa vya kale vya mazoezi ya karate ya Naha ni jozi ya mitungi yenye ukingo mnene mdomoni. Mwanafunzi huinama, akaishika mitungi hiyo kwa ncha za vidole kwenye ukingo, mmoja kila mkono, akainuka na kutembea nayo hatua kwa hatua. Vidole vikizoea, mchanga huongezwa ndani.

Sasa fikiri mwenyewe. Mtu anayetaka tu kupiga ngumi ana haja gani na vidole vyenye nguvu za koleo? Mitungi hiyo ni ushahidi ambao hauhitaji kitabu. Mababu wa mchezo huu walikuwa wakitayarisha mikono ya kukamata.

Kutoka Tsuboya elekea upande wa bahari hadi mtaa wa Kume. Jamii za Wachina ziliwekwa hapa tangu mwishoni mwa karne ya 14 kuusaidia ufalme katika safari na barua za biashara. Leo kuna bustani ya Kichina iitwayo Fukushuen, kumbukumbu ya udugu wa Naha na mji wa Fuzhou, na kando yake iko bustani ya Matsuyama. Ingia hapo utafute mnara wa walimu wawili: Higaonna Kanryo, aliyevuka bahari hadi Fuzhou kujifunza, na mwanafunzi wake Miyagi Chojun, mwanzilishi wa mtindo wa Goju-ryu, aliyefariki 1953.

Katika mtindo wao kuna zoezi la watu wawili waliogusanisha vifundo vya mikono. Huyu anasukuma, yule anapokea na kuvuta, mbele na nyuma, kama wanaosaga kwa jiwe moja. Halina ngumi hata moja kwa dakika nyingi. Mtazamaji mgeni huona linachosha. Lakini hapo ndipo mkono unapofunzwa kushikamana na mkono wa mwenzake usimpotee, ukisubiri aegemee kupita kiasi. Halafu ghafla anavutwa! Wenyeji wa kisiwa wana pia mieleka yao ya jadi, ambapo washindani huanza wakiwa tayari wameshikana mishipi, na mshindi ni anayemlaza mwenzake chali. Watu waliokulia katika michezo hiyo hawakuhitaji kuelezwa mkono unaorudi kiunoni umeshika nini. Walijua tangu utotoni.

Ilikuwaje basi maana hiyo ikapotea njiani? Kwa swali hilo panda treni tena hadi Shuri, mji mkuu wa zamani, ambao sasa ni sehemu ya Naha. Kutoka kituoni utatembea kama robo saa mpaka kwenye ngome ya wafalme. Nakuonya mapema usije ukahuzunika: jumba kuu jekundu lililo kwenye picha nyingi liliteketea kwa moto usiku wa kuamkia Oktoba 31, 2019. Hiyo haikuwa mara ya kwanza. Liliharibiwa kabisa katika vita vya 1945, likajengwa upya na kufunguliwa 1992, na baada ya moto huo mafundi walianza tena kuchonga mbao, huku mwaka wa 2026 ukiwekwa kuwa wa kukamilisha kazi. Kuta za mawe zimesimama. Panda juu yake jioni uuone mji wote hadi baharini.

Ilikuwa hapa Shuri ambapo mzee Itosu Anko aliingiza karate katika shule ya msingi mwaka wa 1901, na miaka michache baadaye katika shule ya sekondari na chuo cha walimu. Mnamo 1908 aliwaandikia wakubwa wa elimu barua ya mambo kumi, akieleza kwamba mazoezi haya yangewafaa vijana kwa afya ya mwili na hata kwa utumishi wa jeshi.

Simlaumu mzee Itosu. Bila yeye huenda karate ingekufa na wazee wachache waliokuwa wakifundishana usiku uani. Lakini hebu jiweke mahali pake. Zamani mwalimu alikuwa na wanafunzi wawili au watatu, akawashika mikono, akawavuta, wakaonja. Sasa ana uwanja uliojaa watoto. Hawezi kumshika kila mmoja. Anawapanga safu, anahesabu, wanarusha ngumi kwa pamoja kama askari kwenye gwaride. Na ni nani mwenye akili timamu atakayewafundisha watoto wa shule ya msingi kumkamata mwenzao kichwa na kukigonga kwa kisugudi? Basi umbo likabaki na maana ikawekwa kando. Mtoto akaambiwa aurudishe mkono kiunoni, na hakuna aliyempa kitu cha kushika.

Nimetaja kisugudi kwa sababu. Kuna mfuatano mmoja wa zamani uitwao Naihanchi, unaochezwa kwa kwenda kando kwa kando kama kaa. Mwanzoni kabisa mchezaji hunyosha mkono mmoja ubavuni, kiganja wazi. Kisha, bila kuuondoa mkono huo, huuleta kisugudi cha mkono mwingine na kukipiga ndani ya kiganja chake mwenyewe. Ukitazama bila kufikiri utadhani anajipigia makofi. Weka kichwa cha mtu kati ya kiganja na kisugudi, utaelewa mara moja, na pengine utashukuru kwamba Itosu hakuwaeleza watoto.

Mmoja aliyeupenda Naihanchi kuliko yote alikuwa Motobu Choki, mwana wa ukoo wa kifalme kutoka hapa hapa Shuri, aliyezaliwa 1870 na kufariki 1944. Alikuwa mtu wa kupigana hasa, si wa maonyesho. Akiwa Japani bara, tayari mtu wa makamo, alimwangusha bondia wa kigeni, na jarida la King likaichapisha habari hiyo mwaka wa 1925, ingawa mchoraji alikosea akachora sura ya Funakoshi badala yake! Unaweza kuwazia jinsi Motobu alivyoipokea picha hiyo.

Motobu hakuuvumilia mkono unaokaa kiunoni wakati wa mapigano. Mafundisho yake yalikuwa kwamba mikono miwili ni kama mume na mke: hukaa pamoja mbele ya mwili, mmoja ukikinga mwingine unapiga, mmoja ukishika mwingine unamalizia, na wowote kati yao uwe tayari kuichukua kazi ya mwenzake. Wengine humwona kama mpinzani wa mkono wa kuvuta. Mimi sioni hivyo. Alichokipinga ni mkono usio na kazi, na katika hilo yeye na kitabu cha Funakoshi wanakutana, hata kama wenyewe hawakupatana.

Halafu vita vikaja. Kati ya Aprili na Juni 1945 zaidi ya watu 200,000 walikufa katika kisiwa hiki, wengi wao raia wa kawaida, na pamoja nao walimu ambao hawakuwa wameandika chochote. Baada ya hapo Marekani ilikitawala kisiwa hadi 1972, na wanajeshi wake wakajifunza karate kwa mwaka mmoja au miwili kabla ya kurudishwa kwao. Walirudi na walichoweza kubeba kwa muda huo: umbo na hesabu. Nyuma ya mafunzo mengi yaliyoenea duniani kuna haraka ya namna hiyo.

Siku ya mwisho, nenda Tomigusuku, kusini kidogo mwa Naha, kwenye Okinawa Karate Kaikan. Hiki ni kituo kikubwa kilichofunguliwa 2017, chenye kumbi za mazoezi, chumba cha makumbusho, na jengo la kufanyia sherehe lenye paa la vigae vyekundu. Utajifunza pia habari za Kiyuna Ryo, mzaliwa wa kisiwa hiki, aliyetwaa dhahabu ya kata katika Olimpiki ya Tokyo mnamo Agosti 6, 2021. Kabla yake hakuna mtu wa Okinawa aliyekuwa amepata dhahabu ya Olimpiki. Paris 2024 haikuwa na karate, kwa hivyo sifa hiyo haijapata mrithi.

Mtazame Kiyuna kwenye video, uutazame mkono unaorudi. Hauendi kwa ulegevu wala kwa madoido. Wako washindani wengi wanaoupiga mkono ubavuni ili vazi litoe mlio wa kuwavutia waamuzi, hata kanuni za Shirikisho la Karate Duniani zikalazimika kuhesabu kulipiga vazi kimakusudi kuwa kosa. Hayo ndiyo yanayoupata mkono uliosahau kazi yake.

Je, umwondoe mwanao kwenye karate? La, hasha. Nenda umwulize mwalimu wake swali nililouliza mimi. Akiwashikisha watoto mikono wawili wawili na kuwaonyesha, mtoto yuko mahali pazuri. Akikujibu kwa fizikia peke yake, angalau hakikisha kwamba wanapofika kwenye mazoezi ya kupigana mikono yote miwili inalinda uso. Daktari wa meno ni ghali.

Mwalimu wangu wa zamani sasa ni mzee, amestaafu na kurudi kwao mashambani. Nilipomtembelea nilimweleza haya yote: jiwe la Funakoshi, mitungi, Motobu na mikono yake mume na mke. Alinisikiliza akinywa chai, kimya. Nilipomaliza aliniomba nirushe ngumi. Niliirusha kwa heshima, polepole. Sikuona alichofanya. Nilihisi tu kifundo cha mkono wangu kikipindwa na mwili wangu ukimwendea bila idhini yangu, na ngumi yake ya pili ikasimama upana wa kidole kutoka jino lile lile lenye ufa. Kisha akaniachilia, akaketi, akasema alidhani siku zote kwamba tulikuwa tukijua.